Mwanangu anakariri asichokielewa: je, akili yake imekwisha?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nakuandikia kutoka Kondoa. Binti yangu yuko kidato cha pili, shule ya kata. Darasa la saba alifaulu vizuri sana, hata mwalimu mkuu alimtaja mbele ya wazazi. Sasa kila usiku namwona na daftari, anayumba huku na huku, anarudia sentensi za Kiingereza mpaka anazishika zote. Nikimuuliza maana yake ni nini, ananijibu, 'Mama, ndivyo ilivyoandikwa.' Mwalimu wake kaniambia mtoto anakariri tu, hafikiri. Baba yake anataka tuuze ng'ombe tumhamishie shule ya Kiingereza ya kulipia. Naomba uniambie ukweli: akili ya mwanangu imekwisha?"

Marahaba, mama. Akili ya mwanao haijaenda popote. Mtoto anayeweza kushika kurasa nzima za lugha asiyoielewa, neno kwa neno mpaka nukta ya mwisho, ana kichwa chepesi. Kinachonisikitisha ni kazi ambayo kichwa hicho kimepewa.

Nilifundisha biolojia sekondari miaka 19 kabla sijahamia kufundisha walimu, na hicho unachokiona usiku nyumbani kwako nimekiona kwa mamia ya watoto. Nikusimulie siku niliyokielewa.

Nilikuwa na kidato cha pili, mada ni osmosisi, yaani jinsi maji yanavyoingia na kutoka kwenye seli. Nikaandika fasili ubaoni kwa Kiingereza, nikaisoma, wakaitikia pamoja. Nikauliza kama wameelewa, wakajibu ndiyo kwa sauti moja. Kwenye jaribio la Ijumaa zaidi ya nusu ya darasa waliiandika ile fasili bila kukosea hata herufi. Swali la pili likauliza kwa nini mmea hunyauka ukitiwa mbolea ya dukani kupita kiasi. Wengine waliacha wazi, wengine wakaandika fasili ileile mara ya pili. Nikaandika kwa wino mwekundu kwenye karatasi baada ya karatasi: fikiri!

Jumatatu niliingia darasani nimekasirika, nikakiacha Kiingereza mlangoni. Nikawauliza: mkikatakata vitunguu na kabichi vya kachumbari, mkanyunyiza chumvi, mkaliacha bakuli kwa muda, mnakuta nini? Mikono ikapanda darasa zima. Maji! Yametoka wapi, nani kayamimina? Binti mmoja ambaye tangu mwaka uanze sikuwahi kusikia sauti yake akasimama akasema, "Yametoka ndani ya kitunguu, kwa sababu nje chumvi imekuwa nyingi kuliko ndani, basi maji yanafuata chumvi." Kabla sijamjibu, kijana wa nyuma akadakia: kumbe ndiyo maana mbolea ikizidi mahindi yanaungua! Swali lililowashinda Ijumaa walilijibu wenyewe, na hakuna aliyewafundisha kitu kipya kati ya siku ile na ile.

Kwa miaka mingi kabla ya Jumatatu hiyo nilikuwa najaza ripoti za watoto kwa maneno kama "hafikiri" na "hana bidii". Zile ripoti zilikwenda nyumbani kwa wazazi kama wewe, na bila shaka zilisomwa usiku kwa taa kama unavyoniandikia wewe leo. Nikikumbuka naumia. Kwa hiyo mwalimu wa binti yako simhukumu. Anaona kitu cha kweli, mtoto kweli anakariri, ila sababu ameikosea. Mtoto anakariri kwa kuwa ndiyo njia pekee iliyobaki wazi. Hawezi kuieleza kwa maneno yake sentensi ambayo maneno yake hajayamiliki, basi anaibeba nzima kama ilivyo, kama mtu aliyepewa kifurushi kilichoshonwa. Adhabu ya kukosea neno anaijua, na alama za kupatia anazijua pia. Kwa hali hiyo, kukariri ni uamuzi wa mtoto mwenye akili.

Nisieleweke kwamba kukariri kwenyewe ni ubaya. Siku hizi imekuwa fasheni kulaani kukariri, na mimi sikubaliani na laana hiyo. Asiyeshika jedwali la kuzidisha kichwani atateseka na sehemu na desimali mpaka atakapolishika. Bibi zetu walishika tenzi ndefu kwa moyo, na kwa sababu zilikuwa kichwani waliweza kuzitafakari jembeni. Na hapo Kondoa umekulia karibu na vyuo vya Kurani, unajua mtoto wa miaka saba anavyohifadhi sura baada ya sura. Lakini angalia jambo moja kuhusu chuo: maalimu hajidanganyi. Mtoto akihifadhi, husema amehifadhi. Hasemi amejua tafsiri. Tafsiri ina darasa lake na mwalimu wake, na hufundishwa kwa Kiswahili, watu wakauliza maswali mpaka wakaridhika. Hizo ni hatua mbili, na kila moja inaheshimiwa. Sisi wa sekondari tumezichanganya. Tunapima hifadhi, tunaiita ufahamu, kisha siku tunapohitaji ufahamu wenyewe tunamlaumu mtoto kwa kutokuwa nao.

Hali hii ina historia, na ni haki yako kuijua ili usidhani ni kasoro ya nyumba yako. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho kimekuwa lugha ya kufundishia shule za msingi za serikali hadi darasa la saba. Sekondari ikabaki na Kiingereza. Nia ya kukipandisha Kiswahili ilikuwapo, na Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Serikali haikulikubali. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walikuja kupima Kiingereza cha wanafunzi wetu, wakakuta kwamba wengi mno wa sekondari hawajafikia kiwango cha kuwawezesha kusomea kwa lugha hiyo. Hata hivyo lugha haikubadilishwa, ukaletwa mradi wa kuimarisha Kiingereza. Sera ya elimu ya 2014 iliruhusu lugha zote mbili katika ngazi zote, lakini kwenye chumba cha mtihani mwanao bado anakabidhiwa karatasi ya biolojia ya Kiingereza.

Katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitaja mambo matatu ambayo elimu yetu lazima imjengee kijana: akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kukataa au kugeuza alichojifunza kilingane na mahitaji yake, na imani kwamba yeye ni mtu huru aliye sawa na wenzake. Mtoto hawezi kudadisi kwa lugha ambayo hata ruhusa ya kwenda chooni anaiomba kwa kuikariri. Naliandika hili nikijua kwamba Nyerere huyohuyo ndiye aliyekiita Kiingereza Kiswahili cha dunia, na hapo pia alikuwa na hoja.

Kwa hiyo mumeo hajakosea kukitaka Kiingereza. Binti yako atakihitaji. Penye makosa ni kudhani kwamba lugha inaingia kichwani kwa kufungiwa ndani yake. Mtafiti wa Kanada, Jim Cummins, alieleza kuanzia mwaka 1979 tofauti kati ya lugha ya kuongea na lugha ya kusomea. Kwa watoto wahamiaji, wanaokisikia Kiingereza barabarani, dukani na kwenye televisheni kila siku, lugha ya mazungumzo huchukua kama miaka miwili. Ile ya kusomea huchukua kati ya miaka mitano na saba. Wetu wanakisikia darasani, kwa mwalimu ambaye naye alikijifunza hivyohivyo, na kwa wengi kozi ya maandalizi ya kidato cha kwanza ni wiki chache tu. Na kama nyumbani mnaongea Kirangi, kama familia nyingi za huko, basi hata Kiswahili alikiongeza juu ya lugha ya kwanza. Kiingereza ni cha tatu.

Kuna ushahidi wa upande wa pili. Kule Ife, Nigeria, mwaka 1970, Profesa Babatunde Fafunwa na wenzake walianza kuwafundisha watoto kwa Kiyoruba miaka yote sita ya msingi, Kiingereza kikiwa somo lenye mwalimu wake maalumu. Watoto hao waliwapita wenzao waliohamishiwa Kiingereza mapema, na kwenye Kiingereza chenyewe hawakuwa nyuma. Hapa kwetu, mradi wa LOITASA ulioanza 2002, wa watafiti wa Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Norwe na Afrika Kusini, uliwafundisha wanafunzi wa sekondari mada zilezile, kundi moja kwa Kiswahili na jingine kwa Kiingereza. Waliofundishwa kwa Kiswahili walifanya vizuri zaidi, na waliongea zaidi darasani. Hilo la pili ndilo ninalolipenda. Mtoto anayeongea somo anafikiri kwa sauti, na mwalimu anaweza kusikia wapi amepotea.

Sasa tuje nyumbani kwako, maana sera si wewe wala mimi tutakaoibadilisha kabla ya upimaji wa kidato cha pili mwezi Novemba.

Anza na wewe mwenyewe kuwa mwanafunzi. Sijui umesoma hadi wapi, na kwa kazi hii haidhuru. Mkiwa jikoni, mwambie: nifundishe leo mlisoma nini. Kwa Kiswahili, au kwa Kirangi kama kinakuja chenyewe. Akitaja neno gumu, usijifanye umeelewa. Mwambie hujaelewa, akupe mfano wa hapa kijijini. Mara za kwanza atakwama, atakasirika, atasema mwalimu hakueleza. Usimwache. Akishindwa kukueleza jambo kwa lugha anayoijua, mmegundua wote wawili kwamba jambo hilo hajalielewa, na kesho ana swali la kumuuliza mwalimu. Akiweza, basi amebakiza kazi ya lugha tu, na hiyo ni ndogo zaidi. Mtoto anayejua kitu anatafuta maneno ya kukisemea. Asiyekijua hata akipewa maneno yote ya kamusi hana pa kuyaweka.

Hata Kiswahili cha sayansi lazima kisomwe, nisikudanganye. Dukani tunasema uzito wa sukari ni kilo mbili. Kwenye fizikia zile kilo ni za tungamo, na uzito ni kani ambayo dunia inaivuta hiyo sukari, nao hupimwa kwa nyutoni. Mtoto lazima afundishwe tofauti hiyo kwa lugha yoyote ile. Ila kwa Kiswahili anaweza kubisha, "Mbona dukani wanasema uzito?", na katika ubishi huo ndimo anamojifunza. Maneno haya mengi alikwisha kukutana nayo shule ya msingi: kani, nishati, wenzo, egemeo, usanisinuru, hewa ukaa. Alipovuka kwenda sekondari alikuta hakuna aliyemwambia kwamba yale aliyokuwa akiyajua ndiyo haya haya. Watoto wengi huanza upya kama vile darasa la saba walisoma sayansi ya nchi nyingine! Kama shule au mwalimu yeyote hapo karibu ana Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, mwombe aitumie. Ni daraja zuri, na limekaa muda mrefu bila wapitaji.

Kisha awe na daftari dogo la maneno, lake mwenyewe, lisilosahihishwa na mtu. Neno la Kiingereza, maana yake, na sentensi aliyoitunga yeye. Matano kwa siku yanatosha. Watoto wakianza daftari hili hujaza majina makubwa ya sayansi, lakini majina hayo mwalimu huyarudia mpaka yanazoeleka. Yanayowaangusha ni yale madogo yanayofunga hoja: "whereas" (ilhali), "due to" (kwa sababu ya), "unless" (isipokuwa), "therefore" (kwa hiyo). Sentensi nzima inageuka kwa neno moja la namna hiyo na mtoto hajui imegeuka. Vivyo hivyo na maneno ya kuulizia mtihanini. "State" inataka utaje, basi. "Explain" inataka utoe sababu. "Distinguish" inataka uweke viwili pamoja uonyeshe vinapoachana. Nimesahihisha karatasi nyingi ambamo mtoto alijua somo lakini akataja alipotakiwa kueleza, akapata alama moja kati ya nne.

Kuhusu ule usomaji wake wa usiku: usimkataze, ubadilishe. Mwache asome ukurasa mara moja au mbili kwa utulivu, kisha achukue daftari akupe wewe ulishike. Aseme au aandike anachokumbuka bila kuangalia, halafu afungue aone alichoacha. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walilinganisha wanafunzi waliosoma kifungu tena na tena na wale waliosoma kisha wakajaribu kukikumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojaribu kukumbuka waliwaacha mbali. Hii inaeleza jambo ambalo huenda umeliona: jioni binti yako anaijua mada yote, na siku ya mtihani imeyeyuka. Kurudia kwa sauti kunampa hisia ya kujua, na hisia hiyo inamdanganya. Akirudia zoezi hilo kwa mada ileile kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, itakaa.

Na asome Kiingereza kisicho cha mtihani. Vitabu vyepesi vya hadithi, vya daraja la chini kuliko alilopo, asione aibu. Aelewe karibu kila neno na afurahie kitakachotokea ukurasa unaofuata. Lugha nyingi tunaiokota tukiwa tumeisahau, tumeshughulika na hadithi. Uliza maktaba ya shule, mara nyingi vitabu vya aina hiyo vimefungiwa kabatini ili visichakae.

Nenda pia kwa mwalimu wake. Usiende kulalamika. Mwambie: mwanangu jambo hili analieleza vizuri kwa Kiswahili, naomba umruhusu aulize kwa Kiswahili, kisha umsaidie kulisema kwa Kiingereza. Walimu wengi wanachanganya lugha hizo mbili darasani kila siku, ila wanafanya kwa kujificha, kama kosa, kwa kuwa ukaguzi ukija utasema shule ni ya Kiingereza. Kwa sababu ya kujificha huko, kazi yenyewe hufanywa nusu: mwalimu anafafanua kwa Kiswahili, watoto wanaelewa, kisha anawaandikia nukuu za Kiingereza wanakili. Ile safari ya kutoka kwenye walichoelewa hadi kwenye sentensi ya Kiingereza waliyoitunga wao haifundishwi. Mzazi akiiomba kwa heshima, mwalimu mwema hufarijika. Lakini kama shuleni wanawachapa watoto au kuwavalisha vibao shingoni kwa kuongea Kiswahili, hilo lipeleke kwenye kikao cha wazazi, na usiende peke yako. Mtoto anayeogopa kukosea hufunga mdomo, na akifunga mdomo Kiingereza hakiji.

Sasa ng'ombe. Msimuuze kwa ajili hii, si mwaka huu. Shule ya kulipia inaweza kuwa nzuri, na inaweza kuwa kukariri kulekule ndani ya sare nzuri zaidi. Kuhama kidato cha pili, katikati ya mwaka, kunamtoa mtoto kwa rafiki zake na kumweka nyuma ya wenzake waliosoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Kama siku moja mtafikiria tena, msiangalie majengo wala basi. Ombeni kukaa darasani nusu saa, mhesabu ni watoto wangapi wanauliza swali walilolifikiria wenyewe. Mkikuta hakuna, rudini na ng'ombe wenu. Akifaulu kidato cha nne mtakuwa na matumizi mengine mengi ya huyo ng'ombe. Kwa sasa zinatosha fedha kidogo za kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, na taa ya sola kama mnasomea kibatari.

Leo jioni, mkiandaa chakula, mtengenezee kachumbari. Nyunyiza chumvi, liache bakuli, kisha muulize maji yametoka wapi. Msubiri ajibu, hata akichukua muda. Akishajibu, mwambie aandike jibu hilohilo kwa Kiingereza chake, sentensi mbili, bila kufungua daftari, na makosa yake yote. Ampelekee mwalimu wa biolojia karatasi hiyo kesho asubuhi, na wewe uniandikie aliandika nini.